Majina ya kutenga kwenye jukwaa: orodha, anwani ya /u/ au ukaguzi wa mkono?

Fundi_Ujiji: Wakuu, jukwaa la wauza mawese na dagaa wa Kigoma linakaribia kufungua usajili. Tunataka mtu asijipe jina linalogongana na kurasa zetu au la kujifanya msimamizi. Njia zilizopo mezani ni tatu: (a) orodha ya majina yaliyofungwa, (b) ukurasa wa kila mtumiaji ukae kwenye anwani ya /u/jina, (c) msimamizi apitishe kila jina kwa mkono. Ipi inatosha?

Mwandiga_Njiapanda: Anza na (b), tena kabla mtu wa kwanza hajajisajili. Kurasa za watu zikikaa kwenye mzizi wa anwani, atakayejiita "login" au "malipo" anagongana na kurasa za jukwaa lenyewe. Na huwezi kuziorodhesha zote leo: mwakani utaongeza ukurasa wa "mnada", ukute jina lilishachukuliwa. Ila /u/ haizuii utapeli. Mwenye /u/huduma_kwa_wateja bado ataomba watu pesa.

BintiUrambo: Kwa hiyo (a) haikwepeki, ila igawe mafungu mawili. Yanayofungwa kabisa: admin, root, support, msimamizi, msaada, malipo. Yenye masharti: manispaa, polisi, nida, tanesco, maweni (hospitali). Haya yanamsubiri mwenyewe aje na barua yenye mhuri. Ukiyachanganya, siku Manispaa ikija huna mlango wa kuipitishia.

Kosa linaloumiza watu ni kusaka neno ndani ya neno. Funga "api" (neno la anwani ambazo programu huzungumza na jukwaa) kwa namna hiyo uone: mapishi na mapinduzi hayapiti! Linganisha jina zima, likishasafishwa: herufi zote ndogo, ondoa nukta, kistari na mstari wa chini, tarakimu 0 iwe o, tarakimu 1 na herufi l ziwe i. Orodha nayo isafishwe vilevile, la sivyo "malipo" haitakutana na "ma1ipo".

Mzee_Gongoni: Umbo lililosafishwa lipewe safu yake, na upekee ulindwe na hifadhidata, si fomu ya usajili. Usafishaji ukirudiwa mara mbili lazima utoe jibu lilelile. Mwaka 2013 Spotify walikwama hapo: jina la herufi kubwa zilizoinuliwa juu za Yunikodi (mfumo wa herufi za lugha zote) lilisafishwa hatua moja wakati wa usajili, kisha hatua nyingine wakati wa kubadili neno la siri, na akaunti ya mtu mwingine ikafunguka. Ruhusu a hadi z, tarakimu na mstari wa chini tu. Kiswahili kitakosa alama ya ng' tu.

Fundi_Ujiji: Na wanachama wakipewa barua pepe za kikoa chetu (jina la tovuti yetu)?

BintiUrambo: Hapo hatari inapanda, ndugu yangu. Watoa vyeti vya usalama vya tovuti huweza kuthibitisha umiliki wa kikoa kwa barua inayotumwa kwa admin, administrator, webmaster, hostmaster au postmaster. Mwaka 2015 mtu wa Ufini alijipatia hostmaster kwenye live.fi, akapewa cheti cha kikoa hicho cha Microsoft. Funga yote matano, pamoja na abuse, security na noc, anwani za kupokea malalamiko na taarifa za usalama na mtandao.

Mwandiga_Njiapanda: (c) ibaki kwa yenye masharti tu, ukikagua kila jina, foleni ya usajili haitaisha. Jina la akaunti iliyofutwa nalo usiligawe upya, maana wateja wa zamani watamlipa mgeni. Lililofungwa na lililochukuliwa yapate jibu moja, "Jina hili halipatikani", ili asiyeaminika asiweze kuichokonoa orodha.