Kufuatilia magari ya mizigo: lokesheni ya simu, GPS ya kufunga mwenyewe au kampuni ya kulipia kwa mwezi?

Mzigo_Kilombero (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Nina Fuso mbili zinazobeba vitunguu, karoti na viazi kutoka Soko la Kilombero kwenda Dar, na mara nyingine tunavuka Namanga. Nataka kujua gari liko wapi bila kumpigia dereva kila saa. Njia ninazoziona ni tatu: dereva anitumie lokesheni ya WhatsApp, ninunue GPS fundi anifungie, au niingie mkataba na kampuni ya kulipia kila mwezi. Vinavyoniumiza ni viwili: dizeli inayopungua bila maelezo, na mteja wa Dar anayeuliza mzigo unafika lini nami sina jibu. Mwenye uzoefu anisaidie kulinganisha.

FundiNjiro (Arusha)
Mkuu, lokesheni ya WhatsApp iweke pembeni. Ukiiwasha, inadumu muda wa saa 8 tu, na Fuso yenye mzigo haifiki Dar kwa muda huo. Tena inafuata simu, haifuati gari. Chaji ikiisha pale Mombo, huna habari tena.

GPS ya kufunga mwenyewe inafaa, ila ielewe inavyofanya kazi. Kifaa kinapokea mawimbi ya satelaiti ili kijue kilipo, basi. Kinachokuletea taarifa kiganjani ni laini ya simu iliyo ndani yake. Kwa hiyo laini hiyo isajiliwe kwa alama zako za vidole, wewe mwenye gari, si za fundi. Nimeshuhudia watu wakikorofishana na fundi na kesho yake gari halionekani, kwa sababu laini ni ya fundi. Bando nalo liwekwe mapema, likiisha kifaa kinanyamaza. Na chagua chenye betri ya ndani, ili mtu akichomoa waya wa betri kubwa upate ujumbe hapo hapo.

Kuna jambo siwezi kuliacha. Wengi wanataka rilei, yaani swichi ya umeme ya kuzima gari kwa mbali. Usikubali izime gari likiwa linatembea! Injini ikikata mteremkoni na mzigo mgongoni, usukani unakuwa mzito na kompresa ya upepo wa breki inasimama. Utaua watu. Mpangilio uwe gari lisimame kwanza, ndipo likatae kuwaka.

Dada_Parachichi (Moshi)
Mimi nalipia kampuni, na sababu yangu si ramani. Napeleka parachichi za Hass Mombasa kupitia Holili kwa gari la friji. Zinatakiwa zikae kwenye nyuzi 5 au 6 hivi. Friji ikizimika karibu na Voi usiku wa manane, kuliona gari kwenye ramani hakunisaidii kitu. Nataka kujua joto la ndani limeanza kupanda, na awepo mtu macho wa kumpigia dereva saa hiyo hiyo. Hicho ndicho ninachokilipia, mtu wa zamu. Kengele ikilia kwenye simu yangu nikiwa nimelala, mzigo unaiva njiani.

Kaka Mzigo, kwa kuwa unavuka mpaka, uliza habari ya romingi. Laini ya Tanzania isiyo na romingi inanyamaza mara ukiingia Kenya. Vifaa vingine vinahifadhi safari na kuituma mkirudi. Kwa kumbukumbu ni sawa, ila mambo yenyewe yanakuwa yameshapita.

Wakala_Namanga
Naongezea kidogo. Msichanganye GPS yenu na lakiri (kufuli) ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato. Ile inafungwa kwenye mizigo inayopita nchini kwenda nchi nyingine, na inatoa taarifa ikifunguliwa au gari likiacha njia iliyopangwa. Ni ya forodha, haikuhusu wewe wa vitunguu. Lakini wateja wangu wawe na utaratibu huu: wekeni alama kwenye ramani pale Longido, gari likipita nipate ujumbe. Hapo najua niwe dirishani na karatasi zote, gari lisilale mpakani.

Dereva_Himo
Matajiri zangu, naomba na sisi tusikike. Mimi GPS naitaka. Ghala moja Dar waliniweka nje tangu asubuhi, wakashusha usiku, kisha wakaandika nimefika jioni. Tajiri akafungua rekodi, saa ya kuingia getini inaonekana wazi, wakalipa siku ya kusubiri. Bila ile rekodi ningekatwa mimi.

Ila tuambieni kama kifaa kimefungwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, ni heshima. Na gari likisimama msianze na neno wizi. Kuna foleni ya mizani Njia Panda, kuna pancha, kuna mtu kuchoka. Ulizeni kwanza.

Mzigo_Kilombero
Asante sana kaka Dereva, vijana wangu nitakaa nao kabla ya kufunga chochote. Naona nianze na GPS kwenye gari zote mbili, laini kwa jina langu, ile ya Namanga iwe na romingi. Mteja wa Dar atapata ujumbe gari likipita Chalinze. Mzigo wangu hauhitaji friji, kwa hiyo mtu wa zamu nitakuwa mimi na mke wangu. Bado dizeli. FundiNjiro, GPS peke yake itaonyesha mafuta?

FundiNjiro
Haionyeshi. Unahitaji sensa ya fimbo inayozama ndani ya tangi. Tangi lishushwe, limwagwe mafuta, lioshwe vizuri, ndipo litobolewe. Likirudi, tunamimina dizeli lita 20 kwa 20 na kuandika sensa inasoma ngapi kila hatua, mpaka lijae. Fundi akiruka hatua hiyo, kila namba utakayoiona ni ya kubahatisha, na utamgombeza dereva bure. Gari likiwa mlimani mafuta yanaegemea upande mmoja, kwa hiyo soma likiwa limesimama sehemu tambarare. Anza na gari moja, ile inayokutia shaka zaidi. Tangi lije na mafuta kidogo tu.