Mjadala: Je, hedifoni za bei nafuu zisizo na waya ziendelee kuuzwa Moshi bila masharti?

Hoja ninayoileta inahusu hedifoni kubwa zisizo na waya, zile zinazofunika sikio zima, ambazo sasa zimetapakaa kwenye meza za wauza vifaa vya simu kuanzia maeneo ya stendi ya mabasi hadi Soko la Mbuyuni. Watu wamegawanyika juu yake, majumbani, kwenye vijiwe vya bodaboda na mabwenini. Wapo wanaosema vifaa hivi vinaharibu masikio ya vijana na kula fedha zao, hivyo mamlaka zipige marufuku uuzaji wake. Wapo wanaojibu kwamba marufuku hiyo itamnyima mtu wa kipato cha chini kitu ambacho mwenye uwezo anakitumia bila kuulizwa na mtu. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: ziendelee kuuzwa, lakini muuzaji alazimike kumruhusu mnunuzi azivae na kuzijaribu kabla ya kulipa, atoe waranti ya maandishi, na sauti yake ya juu kabisa iwekewe kikomo. Ninaposema bei nafuu, nazungumzia zisizozidi shilingi 100,000.

Nianze na manufaa, kwa sababu upande unaotaka zizuiwe huyapita haraka mno. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika anayelala chumba kimoja na wenzake watatu, akitaka kurudia usiku somo alilolirekodi mchana, ama awasumbue wenzake kwa spika ya simu, ama avae kitu masikioni. Fundi cherehani ninayemfahamu hupokea simu za wateja huku mguu ukiwa kwenye pedali na mikono yote miwili ikisukuma kitambaa chini ya sindano. Angekuwa na hedifoni ya waya, waya huo ungeshanaswa na gurudumu la cherehani siku nyingi. Tena hedifoni nyingi za bei ya chini zina vitu ambavyo za bei kubwa kwa kawaida hazina, yaani redio ya FM na tundu la kadi ya kumbukumbu, pamoja na tundu la waya wa kawaida kwa ajili ya siku ambayo chaji imekwisha. Mtu asiye na bando anasikiliza taarifa ya habari bila kugusa simu yake. P47, ambazo nadhani kila mmoja wetu amewahi kuziona, zina vyote hivyo, ingawa zenyewe hulalia sikio badala ya kulifunika, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kama nitakavyoeleza.

Wala vijana hawakuukimbia waya kwa kupenda fasheni tu. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, na baadaye watengenezaji wengine wakafuata kwenye simu zao nyingi. Mwenye simu isiyo na tundu hilo, akiikosa hedifoni ya Bluetooth ya bei anayoimudu, inambidi atafute kiunganishi cha pembeni ili atumie ile ya waya wa kawaida, na viunganishi hivyo navyo hufa upesi.

Sasa tuje kwenye masikio, ambako ndiko kwenye uzito wa hoja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, lilitoa kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki, kwa mtoto, desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, nishati inayoingia sikioni huongezeka maradufu na muda salama hupungua kwa nusu. Ukipiga hesabu hiyo, desibeli 89 zinakuachia saa 5 kwa wiki, desibeli 95 zinakuachia saa moja na robo, na ukifika desibeli 101 unakuwa umemaliza posho ya wiki nzima kwa dakika zisizofika 20. Vinyweleo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio, ambavyo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya ubongo, vikifa havioti tena, na hakuna daktari, awe wa hospitali ya KCMC au wa nje ya nchi, mwenye dawa ya kuviotesha. Kwa hiyo mzazi anayeogopa ana haki ya kuogopa, na yeyote anayemcheka hajui anachokicheka.

Lakini tujiulize kwa nini kijana anapandisha sauti. Kwa sehemu kubwa anashindana na kelele iliyo nje: konda anayeita abiria, jenereta ya jirani, spika ya duka la nguo iliyogeuzwa kuelekea barabarani. Kelele ikiwa kubwa, muziki lazima uwe mkubwa kuliko hiyo kelele ndipo usikike. Hapo ndipo hedifoni ya kufunika sikio inapopata utetezi wake wa kweli, kwa sababu ikiwa na sponji nene iliyozunguka sikio bila kuacha mwanya, inaipunguza kelele kabla haijaingia, na mvaaji anatosheka na sauti ndogo. Vile vidude vya plastiki ngumu vinavyokaa mlangoni mwa sikio havizuii karibu chochote. Na P47, kwa kuwa zinalalia sikio, huzuia kidogo tu. Kwa maneno mengine, katika hedifoni ya bei nafuu kinacholinda sikio ni mkao wake kichwani, kabla hata hatujazungumzia ubora wa muziki.

Na mkao hauonekani kwenye picha ya boksi. Mwenye miwani hupata mwanya pale mkono wa miwani unapopita chini ya sponji. Mwanamke aliyevaa mtandio, au aliyesuka nywele nene pembeni, anaweza kukuta sponji imeegemea kitambaa au msuko badala ya ngozi, na kelele zote zikapenya. Mwenye kichwa kikubwa hubanwa na utepe wa plastiki hadi masikio yanauma, kisha anazisogeza nyuma kidogo ili apumue, na kinga yote inakuwa imepotea. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mnunuzi aruhusiwe kuzivaa. Wauzaji wengi hukataa, ama kwa sababu boksi limefungwa kwa nailoni na likifunguliwa wanadhani halitauzika tena, ama kwa hoja ya usafi. Hoja ya usafi naikubali, kwa kuwa jasho na magonjwa ya ngozi si mzaha. Basi muuzaji atenge moja ya kujaribia kwa kila aina, na aifute kwa spiriti kila inapovuliwa.

Maneno ya kwenye boksi nayo yanahitaji macho makali. Teknolojia halisi ya kufuta kelele hutumia maikrofoni kuisikiliza kelele ya nje, kisha huzalisha wimbi la sauti lililo kinyume chake ili mawimbi hayo mawili yauane. Mhandisi Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alianza kulifanyia hesabu wazo hilo akiwa safarini ndani ya ndege mwaka 1978, na mwaka 1989 kampuni yake ikatoa hedifoni za marubani zenye uwezo huo. Inafanya kazi vizuri kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama wa injini ya basi la kwenda Dar es Salaam, na husaidia kidogo sana dhidi ya watu wanaozungumza karibu nawe. Sasa chukua boksi la hedifoni ya bei ya chini: mara nyingi herufi utakazozikuta ni ENC, ambazo maana yake ni kwamba maikrofoni inasafisha sauti yako ili uliyempigia simu akusikie vizuri. Wewe uliyezivaa hupunguziwi kelele hata kidogo. Muuzaji anapozitafsiri herufi hizo kuwa hedifoni inazuia kelele, hata kama amesema bila nia mbaya, mteja analipia kinga ambayo haipo, na akifika mahali penye kelele anapandisha sauti. Madhara hayo yanatokana na maelezo ya uongo, na maelezo ya uongo yanadhibitika bila kuifukuza bidhaa sokoni.

Kuhusu uimara, wanaozipinga wana hoja nzito ambayo sitaipunguza. Nilisimama kwenye meza ya fundi simu mmoja hapa mjini alipokuwa akifungua hedifoni iliyokataa kuchaji. Alibandua sponji, akakuta skrubu tatu ndogo, na ndani yake betri bapa ya rangi ya fedha iliyogandishwa kwa gundi na kuungwa kwa nyaya mbili nyembamba, mmoja ukiwa umeshaachia kwenye lehemu. Boksi lilidai 400 mAh, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Betri yenyewe ilichapwa 200 mAh. Aliuunganisha waya, taa nyekundu ikawaka, na mwenye mali akaondoka nayo. Mambo mawili yalionekana pale kwa pamoja: mnunuzi alikuwa amedanganywa nusu kwa nusu, na bado kifaa kilitengenezeka. Betri za lithiamu hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa hata zikiwa nzuri, kwa hiyo hedifoni ambayo fundi anaweza kuifungua ina thamani kuliko ya bei hiyohiyo iliyogandishwa kila upande. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo vya aina hii ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sioni kwa nini sisi, ambao mafundi wetu wana mikono myepesi kuliko wengi, tusidai kitu hichohicho.

Sponji ni tatizo jingine, na kwa Moshi ni kubwa zaidi. Ile ngozi bandia inayofunika sponji huoza kwa joto na jasho. Anayezivaa kila siku mwezi wa Januari na Februari, mji wetu unapowaka, ataona vipande vyeusi vimeanza kubanduka na kubaki shavuni. Sponji ikishabanduka mwanya unafunguka, na tunarudi kwenye sauti ya juu. Kabla ya kununua, uliza kama sponji za aina hiyo zinauzwa peke yake.

Kuna hofu kwamba mawimbi ya Bluetooth yanachoma ubongo. Hofu hii haina uzito. Kifaa cha kawaida cha Bluetooth hutoa takribani miliwati 2.5, wakati simu iliyobandikwa sikioni, hasa mahali penye mtandao hafifu, inaweza kutoa mamia ya miliwati. Anayeiogopa hedifoni kwa sababu hiyo angepaswa kuiogopa simu kwanza.

Barabarani sina la kujadili. Dereva wa bodaboda aliyefunika masikio yote mawili hasikii honi ya lori linalotoka Himo, wala hasikii abiria wake anapomwambia apunguze mwendo, na hedifoni nzuri ndiyo mbaya zaidi hapo kwa kuwa inaziba zaidi. Vijiwe vya bodaboda vina viongozi na taratibu zao za ndani. Vinaweza kulikataza jambo hili kesho asubuhi. Vivyo hivyo kwa mtembea kwa miguu anayevuka barabara kubwa.

Wapo watakaosema masharti yangu yatapandisha bei na kumwondoa machinga, ambaye hana duka wala stoo. Nimelifikiria hilo. Kujaribisha hakuna gharama zaidi ya ile hedifoni moja ya kujaribia kwa kila aina na chupa ya spiriti. Waranti ninayoitaka ni ya mwezi mmoja, kipande cha karatasi chenye jina la muuzaji, namba ya simu na tarehe, kwa kuwa lehemu mbovu na betri ya uongo mara nyingi hujionyesha mapema. Kikomo cha sauti ndicho chenye kazi kubwa, na hicho si cha machinga: ni cha Shirika la Viwango Tanzania kukiweka na cha mwagizaji kukitimiza bandarini, kama Ulaya ilivyofanya kwa vifaa vya kuchezea muziki, ambavyo huanza na kikomo cha desibeli 85, na hata mtumiaji akikiongeza haviruhusiwi kuvuka 100. Maandishi ya uongo kwenye boksi ni kazi ya Tume ya Ushindani, ambayo tayari inapambana na bidhaa bandia.

Kwenu mnaotaka zipigwe marufuku, naomba mnijibu hili kabla hatujaendelea. Kijana akinyimwa hedifoni ya kufunika sikio hatakaa kimya. Atanunua vile vidude vya plastiki ngumu vya mlangoni mwa sikio, vidogo vya kufichika chini ya kofia, visivyozuia kelele ya nje, na vya bei ya chini zaidi. Mzazi anayeona hedifoni kubwa kichwani mwa mwanawe anaweza angalau kumwambia apunguze sauti au azivue. Hivyo vidogo atavionaje, na mtavizuia kwa njia gani?