Majirani wa Shamba, Soroti, Uganda: nyufa kwenye matuta

*Mama Pacha:* Habari za asubuhi majirani. Matuta ya viazi vitamu yamepasuka kwa jua hili. Nipulize dawa gani kabla fukusi, wale wadudu wanaotoboa viazi, hawajaingia?

*Mwalimu:* Nzuri, mama. Acha dawa, shika jembe. Fukusi hawezi kuchimba udongo mwenyewe. Kiazi kikinenepa na udongo ukikauka, tuta linapasuka, naye anashukia kwenye ufa. Akikifikia kiazi anatoboa kishimo, anataga yai moja, anakiziba kwa kinyesi chake. Buu akishakuwa ndani, dawa haimpati.

*Mzee wa Kona:* Na joto linamharakisha. Kwenye nyuzijoto 27 hadi 30, tangu yai mpaka mdudu mzima ni kama mwezi mmoja. Viazi vikikaa ardhini kiangazi chote, wanazaliana juu ya waliozaliwa. Kule Kabale, kwenye milima ya kusini-magharibi, baridi inamchelewesha, huko hasumbui kama huku kwetu Teso, mashariki.

*Mama Pacha:* Kwa hiyo nifukie lini, Mwalimu?

*Mwalimu:* Wiki ya 4 au ya 5 baada ya kupanda, urudie ya 8, halafu kila unapoona ufa. Subiri udongo uwe na unyevu kidogo. Ukifukia kwa madonge makavu yanaacha mapengo, na mdudu anapita humo humo. Shindilia kwa mgongo wa jembe. Tazama pia shina pale linapotokea ardhini: likivimba na kupasuka, lipasue, utamkuta buu mweupe asiye na miguu.

*Shangazi:* Wanaochimba kidogo kidogo kwa kijiti, anzeni na vile vikubwa vya juu. Ndivyo vinavyopasua tuta. Mkishatoa, rudisheni udongo palepale, msiache shimo wazi hata siku moja!

*Fundi:* Na mbegu?

*Mzee wa Kona:* Kata ncha za marando, yaani mashina yanayotambaa, sentimita 25 hadi 30. Mayai hukaa huku chini kwenye shina lililokomaa. Shamba jipya liwe mita 500 kutoka la zamani ukiweza, na maotea yote, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe, yang'olewe.

*Mama Pacha:* Asanteni. Vilivyoharibika niwape ng'ombe?

*Mwalimu:* Hapana mama, tafadhali. Kiazi kilichotobolewa kinakuwa kichungu, na kikiota ukungu kinaharibu mapafu ya ng'ombe, anaweza kufa. Vichome, usiviache pembeni mwa shamba.