Mrejesho: vitabu mlivyonishauri tusome hapa Dodoma

Wadau, asanteni sana. Niliomba vitabu vya kusoma na majirani zangu wa Area C, na mkanitajia vya kila aina.

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1971), ndiyo iliyowasha mjadala. Maisha ya Rosa yanapoharibika, akina mama walimlaumu Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye huyo kwa sababu ya barua ya mvulana. Kijana mmoja akashikilia kwamba Rosa alijiamulia mwenyewe. Mimi niko na akina mama. Binti aliyefundishwa kuwaogopa tu wanaume atawajulia wapi? Nagona, riwaya nyingine ya Kezilahabi, iliwashinda wengi, lakini mimi naipenda mno.

Aliyemtaja Mathias Mnyampala, Mungu akubariki! Kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo (1954), bado nakisaka. Mwenye nakala, tafadhali aniazime.