Watengeneza gemu Marekani kuwapa watu hadi dola 100 ili wapange kupiga kura, hii si takrima?

mzee_wa_pedi

Habari za jioni wakuu. Wenye kuelewa siasa za Marekani na nyie wa magemu njooni hapa manake nimebishana na mdogo wangu tangu saa kumi na hatujafika popote.

Iko hivi. Kuna wale jamaa wa Chicago wanaotengeneza Cards Against Humanity, ule mchezo wa karata wa utani mchafu ambao huwezi kuutoa mbele ya wakwe. Oktoba 2024, uchaguzi wa Trump na Kamala ukiwa umebaki wiki chache, wakafungua tovuti wakasema wewe ambaye hukupiga kura 2020 njoo uombe radhi, andika mpango wako wa kupiga safari hii, halafu posti hadharani kumwita Trump choo, ukimaliza tunakutumia hela. Na hela yenyewe inategemea unaishi wapi na unaelekea upande gani, ukiwa mtu wa kuelekea Democrats, chama cha Kamala, na uko kwenye jimbo lenye ushindani mkali unafika mpaka dola 100. Dola mia jamani, kwa kuandika posti moja!

Mdogo wangu anasema huko ni kuhamasisha tu vijana. Mi nasema ingekuwa hapa Bongo mtu kagawa hela halafu anasema "kumbuka tarehe ya kura" tungemwita nani? Na swali la pili, hivi mtu anayetengeneza gemu ana mamlaka gani ya kunisimamia kuhusu kura, mi nacheza ili nisahau siasa bwana.

---

wakili_wa_kijiweni

Mkuu swali zuri ila umechanganya vitu viwili, ngoja nivitenganishe.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inakataza kulipa au kuahidi kumlipa mtu ili apige kura AU ili ajiandikishe, kwenye chaguzi za rais na bunge lao la Congress, na anayepokea naye yumo kwenye kosa. Faini hadi dola 10,000, jela hadi miaka 5 au vyote kwa pamoja. Na usidhani lazima umwambie ampigie nani, hata ukisema mpigie umtakaye mi nakulipa tu kwa kwenda, bado ni kosa.

Sasa hao wa karata walikaa na wanasheria wao vizuri sana. Soma tena ulichoandika wewe mwenyewe, wanalipia kuomba radhi, wanalipia kuandika mpango, wanalipia posti. Kura yenyewe hawailipii, ukishapokea hela siku ya kura ukalala hakuna anayekudai. Walisema wazi kabisa kwamba wamepitia upenyo, ilikuwa sehemu ya utani wao. Na mwezi huohuo Elon Musk alikuwa anafanya kitu ndugu na hicho upande wa pili, kamati yake ya America PAC inatoa dola milioni moja kila siku kwa mtu aliyesaini ombi la kutetea marekebisho ya kwanza na ya pili ya katiba, yaani uhuru wa kusema na haki ya kumiliki silaha, ila ili usaini lazima uwe mpiga kura aliyejiandikisha kwenye majimbo yale yenye ushindani. Wizara ya Sheria ikamwandikia barua ya onyo, mwendesha mashtaka wa Philadelphia akaenda mahakamani kuizuia, na tarehe 4 Novemba, siku moja kabla ya uchaguzi, jaji akakataa kuizuia. Humohumo mahakamani ikatoka kwamba washindi hawakuwa wanapatikana kwa bahati nasibu, walikuwa wanachaguliwa.

Kwa hiyo kisheria mdogo wako kashinda, kwa harufu umeshinda wewe. Na sisi tusijifanye watakatifu, takrima tuliiingiza wenyewe kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 tukaiita ukarimu wa jadi, mpaka Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006.

---

mzee_wa_pedi

Shukrani wakili. Sasa hapo umenipa swali lingine, walijuaje mimi sikupiga kura 2020? Kura si siri?

---

dada_wa_columbus

Kaka niko Ohio miaka sasa ngoja nikujibu hiyo. ULIYEMPIGIA ndio siri. Ila kama ulienda au hukwenda hiyo ni rekodi, ipo kwenye daftari la jimbo, na vyama na makampuni ya kuuza data wanazipata wanaziunganisha na vitu vingine kama unanunua nini na una umri gani halafu wanakisia wewe ni wa upande gani. Hao wa karata walisema kabisa kwamba wamenunua data za wapiga kura kwa dalali wa data, na nadhani walitaka watu washtuke pia kuona jinsi ilivyo rahisi. Mi nilishtuka mara ya kwanza nilipopata barua nyumbani inaniambia majirani zako wengi walipiga kura, wewe je? Kama mjumbe wa nyumba kumi vile.

Ila kilichonileta hapa sio hicho, naomba Waswahili wenzangu mlioko huku mnisikilize. Haya mambo ya gemu kukuletea kitufe cha "jiandikishe kupiga kura" kwa mtoto wa Kimarekani ni sawa, kwa sisi wahamiaji ni hatari. Kuna kijana mmoja wa hapa kwetu, Mkongomani, grini kadi anayo, uraia bado, yuko kwenye strimu ya gemu linki ikatokea na wenzake wote wanabonyeza naye alikuwa tayari ameanza kujaza jina na tarehe ya kuzaliwa. Ile fomu ina kisanduku kinauliza wewe ni raia wa Marekani. Ukitiki na si raia umetangaza uraia wa uongo, na hilo linaweza kukunyima uraia moja kwa moja na hata kukurudisha kwenu, na ukipiga kura kabisa ndio umejimaliza. Huwezi kwenda kwa afisa wa uhamiaji ukamwambia niliambiwa na gemu. Asanteni, na wazazi angalieni hao watoto wenu wa miaka 18, 19 kwanza mjue makaratasi yao yamefika wapi.

---

chuma_cha_githurai

Sasa wasee, niaje. Mi nitajibu hiyo swali ya pili juu wote mmeikimbia. Ati gemu na siasa zimeanza juzi? Hapana buda.

Oktoba 2008 nilikuwa nacheza Burnout Paradise, ile ya magari, kwa PS3 ya cousin, sisi tuliona mabango ya kawaida tu. Kumbe kule Marekani waliokuwa wanacheza kwa Xbox wakiwa online walikuwa wanapita kwa barabara wanaona bango la Obama linawaambia kura ya mapema imeanza. Kampeni yake ilikuwa imenunua matangazo kwa gemu 18 za kampuni ya EA na yalikuwa yanaonekana kwa majimbo 10 pekee, Ohio na Florida zikiwa ndani, ukiwa jimbo lingine huoni kitu. Hapo mwenye gemu amekodisha ukuta tu, kama vile mtu anabandika posta ya MCA, yaani diwani, kwa duka yako. 2012 nayo Microsoft wakashirikiana na Rock the Vote, shirika la kuhimiza vijana wapige kura, ukawa unaweza kuanza kujiandikisha ukiwa umekaa mbele ya Xbox, hiyo sasa ni kampuni yenyewe inaongea na haisemi upigie nani.

2020 ndio ilikuwa moto juu ya korona, watu wako ndani hakuna mikutano. Biden akatoa mabango ya kuweka nje ya nyumba yako ndani ya Animal Crossing, ile gemu ya Nintendo ya kujenga kisiwa chako, baadaye akafungua kisiwa kizima. Halafu tarehe 20 Oktoba AOC, yaani mbunge wa Democrats Alexandria Ocasio-Cortez, akakaa Twitch, ile tovuti ya kuangalia watu wakicheza gemu laivu, na mbunge mwenzake Ilhan Omar wakacheza Among Us, gemu ya kumsaka muuaji aliyejificha kati yenu, na mastrima wakubwa, walifika watu zaidi ya laki nne wanaangalia kwa wakati mmoja na alikuwa anawaambia waende watengeneze mpango wa kupiga kura. Na ile gemu ilikuwa imetoka 2018 imetengenezwa na watu wachache sana, hawakuomba siasa, siasa ndio iliwafuata. Siku chache baadaye mtu akaihaki, ukiingia kucheza unapigwa na meseji za kumpigia debe Trump hadi unazima simu.

Mi kwangu ya AOC ndio ilikuwa ya maana. Alicheza! Aliogopa akiwa impostor, yaani huyo muuaji, akauliwa, akacheka. Hakunitumia popup. Nintendo nao mwezi uliofuata wakaona hii itawaletea shida wakatoa masharti kwa makampuni na mashirika, msituletee siasa ndani ya Animal Crossing, wakafunga mlango. Naelewa kibiashara lakini mi ningeacha wazi.

Na hata hapa Kenya tulikuwa na yetu, watu wa kampuni ya Afroes walitoa gemu ya simu inaitwa Haki, Chaguo ni Lako, kabla ya uchaguzi wa 2013, ya kuambia vijana wasigawanywe kikabila. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 hakuna mtu aliuliza eti mtengeneza gemu ana mamlaka gani.

---

hasira_hasara

Chuma umeongea vizuri ila mnawapamba sana hawa watu. Mwaka 2024 kina Kamala walijenga hadi ramani yao ndani ya gemu la Fortnite, mgombea mwenza wake Tim Walz akakaa na huyohuyo AOC wakacheza Madden, gemu la mpira wa Kimarekani, laivu Twitch tarehe 27 Oktoba, na bado wakapigwa. Trump yeye alienda kwa strima Adin Ross mwezi wa nane akapewa gari na saa akacheza cheza pale, akaondoka, vijana wa kiume wakamfuata. Kwa hiyo kusema gemu linaleta kura mi siamini. Watu wameingia kuangalia burudani, wakimaliza wanalala.

Na hao wa karata nao ni wafanyabiashara msisahau. Hela ya kulipa watu waliitafuta kwa kuuza pakiti ya karata za uchaguzi, dola 7.99, kwa hiyo tangazo wamepata, wateja wamepata, na dunia nzima inawajadili mpaka sisi huku. Ndio walewale 2017 walichangisha watu 150,000 dola 15 kila mmoja wakanunua kiwanja mpakani na Mexico ili wamsumbue Trump na ukuta wake, halafu 2024 wakawashtaki SpaceX ya Musk kwamba wameweka vifaa vyao humo kwenye kiwanja bila ruhusa, wakidai dola milioni 15. Nawaheshimu kwa ukorofi lakini tusiite hiyo elimu ya uraia.

---

chuma_cha_githurai

@hasira_hasara kupigwa kwa Kamala hakumaanishi mtu hakujiandikisha. Hizo ni hesabu mbili. Mwenye gemu akisema nenda upige, kazi yake inaisha ukifika kwa laini, ukipigia yule hampendi ni shauri yako. Hao wa karata ndio waliharibu hapo, walitaka uende NA wakakuchagulia. Ukitaka kuwapima hao pima kwa nani alishinda, lakini Rock the Vote usiwapime hivyo.

---

mzee_wa_pedi

Hapo kwa chuma nimekubali, nadhani ndicho kilichokuwa kinaniwasha bila kujua. Kuniambia nenda sina neno. Kunichagulia halafu na hela juu, hapana.

Swali la mwisho nawaachia. Huyu mdogo wangu niliyekuwa nabishana naye ana rafiki yake yuko Texas anatengeneza kigemu cha bao cha simu, ana wachezaji huko na anataka 2028 mtu akituma picha ya ile stika yao ya "nimepiga kura" ampe koini za ndani ya gemu. Koini si hela, au?

---

wakili_wa_kijiweni

Mwambie asifanye. Koini kama zinanunuliwa kwa hela halisi zina thamani, na kumpa aliyepiga kura peke yake ndio sheria inapokamata. Starbucks 2008 walitangaza kahawa ya bure kwa aliyepiga kura, kahawa tu, wakaambiwa hiyo ni shida wakabadilisha, yeyote atakayeomba apewe. Basi na yeye afanye hivyo, siku ya uchaguzi kila anayefungua gemu apate koini, awe amepiga hajapiga, awe raia au kama yule kijana wa Columbus. Kumpa mtu lifti mpaka kituoni wanaruhusu, kumpa mfanyakazi ruhusa ya saa mbili akapige wanaruhusu, hivyo havihesabiwi kama malipo.

Na hiyo linki ya kujiandikisha kama ataiweka, aandike kwa maandishi makubwa juu yake kwamba ni ya raia wa Marekani peke yao, kabla mtu hajabonyeza.

---

dada_wa_columbus

Na aandike kwa Kiswahili pia. Wachezaji wa bao ndio sisi.