Tope la ziwani linajuaje barafu ya Greenland ilikuwa ndogo au kubwa?

mwana_katonga:
Wakuu habari za jioni, niko Kigoma hapa. Tangu maji ya ziwa Tanganyika yapande ile 2020/21 yakala fukwe, huku mtaani wengi wanasema ni barafu za ncha za dunia zinayeyuka, nikaanza kufuatilia. Sasa nakuta wataalamu wakitaka kujua barafu ya Greenland ilikuwaje zamani wanaenda kutoboa tope la maziwa na la fiodi (zile ghuba nyembamba za bahari kati ya milima). Si wangetoboa barafu yenyewe? Tope linajua nini?

kazeh_tbr:
Hilo la ziwa weka pembeni mkuu. Tanganyika iko zaidi ya mita 700 juu ya bahari, barafu ya Greenland hata iishe yote bahari inapanda kama mita 7, haitufikii. Ile ilikuwa mvua, na maji yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kongo.
Barafu wanatoboa pia, ila iliyokwisha yeyuka unaitoboaje? Na ikirudi kusonga mbele inakwangua alama zote ilizoacha.

mtu_wa_maji:
Ongezea hapo. Barafu kubwa ikitembea inasaga mwamba hadi unga, sasa kama ukingo wake uko ndani ya bonde linalomwaga maji kwenye ziwa fulani, huo unga unaingia ziwani, we cheki mto Luiche masika inavyochafua ziwa pale mdomoni. Barafu ikirudi nyuma ya kilima maji yake yanaelekea upande mwingine, ziwa linatakata, linaanza kutulia mabaki ya mimea na mwani. Kwa hiyo ukivuta bomba la tope unaona kijivu, juu yake kahawia, halafu kijivu tena. Pale rangi inapobadilika wanachukua vipande vya mmea wanavipima umri kwa kaboni 14 (kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri miaka inavyopita). Ndo walivyojua kwamba miaka elfu kadhaa nyuma kingo nyingi za Greenland zilikuwa zimerudi ndani kuliko leo, zikaja kusogea tena baadae. Ila ziwa moja linakwambia tu barafu imo bondeni au haimo, ilirudi umbali gani halisemi, ndo maana wanatoboa mengi.

mwana_katonga:
Nimekupata kiongozi. Na fiodi je?

mtu_wa_maji:
Kule barafu inafika baharini, inakatika mapande yanaelea yamebeba mchanga na mawe, yakiyeyuka yanadondosha chini. Fiodi ya Sermilik mbele ya barafu ya Helheim, kusini mashariki mwa Greenland, walipima umri wa tope kwa risasi-210 (madini ya risasi yenye mionzi, si ya bunduki), inayofaa kwa miaka mia na kitu ya karibuni, wakaona barafu ilikatika sana miaka ya 1930 mwishoni na tena miaka ya 2000. Mi hapa huwa naenda pole, mchanga kupungua si lazima barafu imetulia, labda mapande yalikwama njiani.

kazeh_tbr:
Na ziwa lenu limetobolewa vilevile bana. Huko chini hakuna oksijeni, hakuna mdudu wa kuvuruga tope, matabaka yanakaa yalivyo. 2004 walitoa tope karibu na Kalya lina habari za miaka kama 60,000, likaonyesha ziwa lilianza kupata joto kama miaka 20,000 iliyopita, barafu kuu za kaskazini nazo zikianza kupungua.

mwana_katonga:
Kalya hii hii?? Mi naijua kwa dagaa tu