Karakana ya watu 23: wa huduma ya kwanza wawe wangapi?

Fundi Keko
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, sina amani. Nasimamia karakana ya samani hapa Keko, Dar. Tuko 23: mchana 15, usiku 8. Wiki iliyopita saa 2 usiku kijana wetu alikatwa vidole viwili na msumeno wa mashine. Kisanduku cha huduma ya kwanza tunacho, ila kilifungiwa ofisini na mwenye ufunguo alishaondoka tangu saa 11. Mmoja akamwagia spiriti, mwingine akafunga na kitambaa cha kufutia vanishi. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Kidole kimoja hakikuokoka. Bosi anasema tununue kisanduku kikubwa zaidi, basi. Mimi naona bado. Watu waliofunzwa wawe wangapi?

Mama Nesi
Pole sana mwanangu, na kijana umpe pole. Kisanduku kilichofungiwa, kiwe kikubwa kiwe kidogo, hakimsaidii mtu. Zamu ya usiku ndiyo haina mtu, anzia hapo. Siku nyingine: kitambaa safi, kandamiza juu ya jeraha dakika 10 bila kufunuafunua, mkono uwe juu. Spiriti inaunguza nyama, msirudie. Kipande kilichokatika kizungushie kitambaa safi, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ndipo mfuko uuweke kwenye barafu. Chenyewe kisiguse barafu.

Jembe la Chuma
Mkuu, karakana za mtaani hizi, kila mtu unayempeleka mafunzo ni hela. Peleka mmoja, atawafundisha wenzake.

Mswahili Birmingham
Hapana ndugu yangu. Nipo ghalani huku Uingereza. Mwongozo wa huku, kazi ya hatari yenye watu 5 hadi 50 inataka angalau mmoja aliyefunzwa, lakini awepo muda wote kazi inapoendelea. Cheti chenyewe kinadumu miaka 3, halafu anarudia. Sasa huyo mmoja akiugua? Akienda msibani? Akikatwa yeye? Kwa misumeno hiyo mimi ningeweka wawili kila zamu, jumla wanne.

Kofia Ngumu
Naunga mkono wanne. Mwambie bosi Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamhusu. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wenyewe wanatoa mafunzo ya huduma ya kwanza, nenda ofisi yao ukaulize. Na je, ajali mmeitolea taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Fidia ya huyo kijana inaanzia hapo. Tafadhali usilale na hilo.

Fundi Keko
Asanteni sana. Taarifa ya WCF tunaipeleka kesho asubuhi. Kufuli nimeling'oa leo, kisanduku nimekitundika ukutani karibu na misumeno, kingine kitakaa upande wa vanishi. Bosi kakubali wanne. Nilifikiria karani wetu awe mmojawapo, ana elimu kidogo.

Mama Nesi
Karani saa 2 usiku yuko kwake, mwanangu. Chukua wanaoshinda kwenye mashine, wawili wa mchana, wawili wa usiku. Waulize kwanza kama wanaweza kuona damu wasizimie. Asiyeweza usimlazimishe.